"Kiwango cha kawaida" cha nani?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni msusi hapa Busia. Kuna kijana alipita saluni akatukata nywele kidogo, akazipeleka nje kupimwa. Karatasi aliyoniletea inasema zinki yangu iko chini na zebaki iko juu ya "kiwango cha kawaida". Sasa ananiuzia vidonge vya shilingi laki mbili. Ni kweli nywele za Mwafrika zina madini tofauti na za Mzungu? — Mama Shadia

JIBU: Marahaba, Mama Shadia. Kwanza funga pochi, halafu tuzungumze. Nimezeekea maabara, na karatasi za namna hiyo nimeziona.

Tofauti zipo, ila kwa sehemu kubwa zinaletwa na chakula, maji, vumbi na vitu tunavyojipaka. Unywele una salfa nyingi, na zebaki, risasi na zinki hung'ang'ania salfa. Ukishatoka kwenye ngozi haupokei tena kitu kutoka kwenye damu, kwa hiyo kila kipande hubaki na habari za mwezi wake. Nywele za watu wengi hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Zetu Waafrika mara nyingi hazifiki hapo. Ndiyo maana mtafiti hukata kisogoni, karibu kabisa na ngozi, na kuweka alama upande wa shina. Huyo kijana alikata wapi? Kama ni ncha zilizowekwa dawa mwaka jana, basi kapima saluni. Hata shampuu za mba, nyingi zina zinki, nyingine madini ya seleni, na huganda kwenye unywele.

Zebaki ndiyo yenye maneno. Mla samaki huwa nayo zaidi, awe wa rangi yoyote. Akina mama wa visiwa vya Seychelles walipopimwa, wastani wao ulikaribia mikrogramu 7 kwa gramu ya nywele; wanawake wengi wa Marekani hawafikii hata 1. Mpime mama wa Seychelles kwa kiwango cha Marekani, utamwita mgonjwa, na mwenzio amekula samaki tu.

Lakini usikimbilie kulaumu sangara na mukene (dagaa). Daktari Masazumi Harada wa Japani, aliyetumia miaka mingi na wagonjwa wa Minamata, mji wa huko ambako watu waliugua kwa sumu ya zebaki, alipima nywele za watu wa Ziwa Victoria upande wa Kenya na Tanzania. Baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi kupita kiasi walikuwa wakitumia sabuni za kujichubua zenye zebaki. Samahani kwa kuuliza, mama: wewe unaogea nini?

Na hata maabara zenyewe hazipatani. Mwaka 2001 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio: nywele za mtu mmoja mwenye afya ziligawanywa kwa maabara 6. Kwa madini 12, jibu la juu lilizidi la chini zaidi ya mara 10. Kichwa ni kilekile!

Kulinganisha nywele za mamia ya watu wa visiwani na wa mjini, zikiwa zimekatwa na kuoshwa kwa utaratibu mmoja, hiyo ni kazi ya maana. Kumuuzia mtu mmoja vidonge kwa karatasi moja ni biashara.

Ukiwa bado na wasiwasi, nenda hospitali uombe kupimwa damu na mkojo, na hiyo sabuni uibebe. Tena, kwa kuwa Busia mnachimba dhahabu, kama kuna mtu anachoma zebaki karibu na nyumba, mwambie daktari. Moshi ule huonekana vizuri zaidi kwenye mkojo kuliko kwenye nywele.