Jibu kwa aliyesema "data yangu ni safi": niulize mimi niliyewapa mimba wanawake 111

Mkuu, acha kwanza. Usibofye kitu kingine.

Swali lako nimelisoma lote. Unajifunza takwimu mwenyewe, umeshusha ile data ya kisukari ya wanawake 768 ambayo wanaoanza wengi hukutana nayo, umeshatoa wastani wa kila safuwima, na sasa unauliza utumie programu ipi, hisabati kiasi gani inatosha, uanze na kitabu au video, na hii thamani ya p ni mnyama gani. Sawa. Lakini katikati ya maelezo umepitisha sentensi moja kama vile haina uzito: "Data ni safi, nimeangalia, hakuna nafasi iliyo wazi."

Hiyo sentensi niliwahi kuiandika mimi, karibu neno kwa neno, kwenye ripoti iliyonikosesha kazi. Data ilikuwa hiyohiyo. Kwa hiyo samahani kama nitaonekana mkali, lakini nikikuona unaelekea kwenye shimo ambalo bado nina vumbi lake mgongoni, siwezi kukusalimia kwanza.

Kwamba hakuna nafasi wazi ni kweli. Hazipo. Zimezibwa kwa sifuri.

Fungua faili, soma mtu wa kwanza kabisa. Mimba 6, sukari 148, shinikizo la damu 72, unene wa ngozi 35, insulini 0, umri 50, ana kisukari. Umeiona? Kosa halikujificha uvunguni, limekaa mlangoni. Wa pili, insulini 0. Wa tatu, 0. Wa nne ndiye wa kwanza kuwa na chochote, 94. Shuka hadi wa nane: shinikizo la damu 0. Wa kumi uwiano wake wa uzito na urefu ni 0, yaani ni mama wa miaka 54 asiye na uzito wowote, anaelea tu hewani, na bado kuna mtu alifanikiwa kumkamata akampima sukari ikatoka 125.

Hizo sifuri si vipimo. Kipimo hakikupatikana, na penye pengo pakawekwa sifuri. Kwenye shinikizo la damu ziko 35. Kwenye uwiano wa uzito 11, kwenye sukari 5, kwenye unene wa ngozi 227. Kwenye insulini ziko 374. Kati ya watu 768! Karibu nusu ya safuwima ni ukimya uliovaa nguo za namba.

Sasa ule wastani wa insulini uliouandika kwa fahari, 79.8, ondoa sifuri uupige upya. Unapata 155.5. Karibu mara mbili. Na mkengeuko sanifu ulioupata (yaani namba zinatawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani), 115, ni mkubwa kuliko wastani wenyewe, kwa kitu ambacho hakiwezi kushuka chini ya sifuri. Hilo peke yake halithibitishi kosa, ila ni kengele, na mimi kengele ile niliisikia nikadhani ni muziki.

Basi nikuambie ilivyokuwa. Niliitwa kwenye usaili wa kazi ya uchambuzi, wakaniambia nije na mfano wa kazi niliyofanya. Nikaja na hii. Michoro mizuri, rangi zinapendeza, na kwenye ukurasa wa pili nikabandika safumlalo kumi za mwanzo za jedwali, kama pambo tu, ili waone kwamba nimeshika data halisi. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Mimi niliambiwa. Kwenye jopo kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, alikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kuhamia ofisini. Wenzake walikuwa wanaangalia michoro, yeye akawa anasoma lile pambo langu, kidole kwenye karatasi.

"Kijana, huyu wa nane shinikizo lake la damu ni sifuri?"

"Ndiyo, mama," nikajibu, tena kwa tabasamu. "Ndivyo data ilivyo."

"Mlimpima kabla ya mazishi au baada?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini.

Lakini hapo bado sijafika kwenye kosa lenyewe. Mpaka hapo nilikuwa nimeaibika tu, na aibu huisha. Yule mama alinionea huruma, akasema nipewe siku mbili nirekebishe niwatumie. Siku mbili! Mtu mwenye akili angezitumia kukaa na faili, safuwima moja baada ya nyingine, ajiulize kila moja ilipimwaje. Mimi nilienda kutafuta mkato, nikaupata: amri ya mstari mmoja inayochukua kila sifuri kwenye faili zima na kuweka wastani wa safuwima yake. Sekunde moja, imekwisha.

Angalia kilichotokea. Kwenye insulini, watu 374 wote wakawa na 155.5. Wote, sawasawa, kama waliopanga. Mkengeuko sanifu ukashuka kutoka 118.8 ya wale waliopimwa kweli hadi 85, na mimi nikaandika, kwa mkono wangu huu, kwamba baada ya marekebisho data "imetulia". Imetulia kweli, nusu yake ilikuwa namba moja imenakiliwa mara 374. Ningechora histogramu, ule mchoro wa nguzo unaoonyesha namba zipi zimejirudia mara ngapi, ningeona ule mnara uliokuwa umesimama kwenye sifuri umehama tu, umekuja kusimama katikati. Sikuchora. Nilikuwa na haraka.

Halafu safuwima ya mimba. Pale sifuri ni sifuri. Mwanamke hajawahi kubeba mimba, basi, hiyo ni habari kamili na sahihi. Wako 111. Programu haikujua hilo na mimi sikuiambia, ikawapa wote wastani wa waliobaki: mimba 4.5 kila mmoja. Zidisha. Ni karibu mimba 500 zilizopatikana kwa kubofya mara moja, na baba ni mimi.

Safuwima ya mwisho ni ile inayosema nani ana kisukari, 1, na nani hana, 0. Waliokuwa hawana ni 500. Unajua wastani wa safuwima hiyo ukitoa sifuri ni ngapi? Moja. Kwa hiyo wote 768 wakaugua. Hilo nililiona, sikuwa kipofu kiasi hicho. Nikashtuka. Na unajua nilifanya nini? Nikairudisha safuwima ile moja ilivyokuwa, zile nyingine nikaziacha, nikatuma. Nimeona moshi, nimefungua dirisha, nimerudi kulala.

Jibu lilikuja la sentensi mbili. "Asante kwa kazi yako. Tunaomba utueleze nusu ya mimba inapatikanaje." Sikuwa na maelezo. Simu haikulia tena.

Sheria yangu ni moja na nimeilipia: usitoe wastani wa safuwima ambayo hujui sifuri yake ina maana gani. Usiulize kama data ni safi. Uliza hii sifuri ilitoka wapi. Je, mtu alipima akapata hakuna kitu, au hakupima? Mambo haya mawili yanaandikwa kwa alama moja na hakuna fomula duniani itakayokutenganishia. Na leo ni sifuri, kesho utakuta 99 kwenye umri, au 999 kwenye urefu, au -1 kwenye idadi ya watoto. Ni ugonjwa uleule.

Ukishajua, ndipo unaanza kufikiri kweli. Ziweke zile sifuri za uongo kama mapengo, useme wazi kwamba insulini ilipatikana kwa watu 394 tu. Usifute ovyo kila mwenye pengo kwenye safuwima yoyote, maana utabaki na watu 392, umetupa nusu ya data kwa ajili ya usafi. Kisha jiulize swali linalouma zaidi: kwa nini hawa wana kipimo na wale hawana? Kama waliopimwa wanatofautiana na wasiopimwa, basi hata ile 155.5 ni wastani wa waliopimwa, si wa wote. Sukari yenye mapengo matano haikusumbui sana. Insulini inatakiwa ikunyime usingizi.

Sasa niruhusu nimseme mtu. Nilijifunza kwa mwalimu mmoja wa video, jina lake silitaji, ana sauti nzuri na anaandika kwa kalamu za rangi. Alilifungua faili hilihili mbele yetu. Akaendesha amri ya kuhesabu nafasi wazi, ikajibu hakuna, akapiga makofi: "Data yetu ni safi, twende kazi!" Mashine ilimjibu alichoiuliza. Iliulizwa kama kuna sehemu tupu, haikuulizwa kama mtu anaweza kuishi na shinikizo sifuri. Hilo lilikuwa la kuulizwa mwalimu. Kabla ya hapo alikuwa ametupeleka wiki tatu tunapiga wastani na mkengeuko wa 2, 4, 6, 8, 10. Namba ambazo hazijawahi kuwa za mtu! Hazina umri, hazijawahi kuchomwa sindano, huwezi kuzishuku. Ukifundishwa takwimu kwa namba hizo, siku ukipewa za watu unazishika vilevile, kama kokoto.

Tena hakutuambia hata hao 768 ni nani. Ni wanawake wa jamii ya Pima, Arizona, Marekani, wote wa miaka 21 na kuendelea. Hakuna mwanaume hata mmoja humo. Mimi kwenye ripoti nimeandika "watu wenye insulini ya kiwango hiki", nimewajumlisha wanaume wa dunia nzima bila hata kuwapigia hodi. Ila nakiri hapa lawama tugawane, faili lenyewe lina safuwima ya mimba, ningeweza kuhisi kitu.

Kuna anayeweza kusema haya ni makosa ya wanaoanza tu. Hapana. Kuna tukio la upande wa pili kabisa, ambapo sifuri za kweli ndizo zilizotupwa. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi na mameneja walikuwa wanajadili kama baridi inaharibu zile pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi za Challenger, chombo cha anga za juu cha Marekani. Wakaangalia safari zilizopita zilizokuwa na hitilafu kwenye pete. Ziko saba, nyingine zilirushwa kwenye baridi, nyingine kwenye joto, kwa hiyo uhusiano hauonekani. Safari ambazo hazikuwa na hitilafu yoyote, yaani zenye sifuri, hawakuziweka kwenye mchoro. Zingewekwa, ingeonekana kwamba kila safari iliyorushwa chini ya nyuzi 65 za Farenhaiti (kama 18 za Selsiasi) ilikuwa na hitilafu, na zile salama zote zilirushwa kwenye joto zaidi ya hapo. Asubuhi yake hewa ilikuwa karibu na kiwango cha maji kuganda. Chombo kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, watu saba wakafa. Wale hawakuwa wanafunzi wa video. Mimi sifuri za uongo nilizihesabu kama kweli, wao sifuri za kweli hawakuzihesabu kabisa. (Mimi angalau sikuua mtu, niliongeza idadi ya watu.)

Haya, maswali yako. Programu: yoyote inayoweza kupanga safuwima kutoka ndogo kwenda kubwa na kuchora histogramu. Lahajedwali la kawaida, kama Excel, linatosha kwa miezi ya mwanzo, usinunue kitu. Thamani ya p, ile namba ya kupima kama matokeo yako yangeweza kutokea kwa bahati tu, isubiri. Ungeipiga kwenye insulini yangu yenye nakala 374 ingekupa jibu zuri kabisa lenye desimali nne, kuhusu wanawake ambao hawapo. Kitabu au video, chochote, ila kikianza na 2, 4, 6, 8, 10 na kikaendelea hivyo mpaka sura ya tano, kifunge. Kulikuwa na swali jingine hapo, nitalirudia nikilikumbuka.

Kwa leo fanya hivi. Tengeneza nakala ya faili, lile la asili lifiche mahali usipolifikia kwa haraka. Panga insulini kutoka ndogo kwenda kubwa, halafu shuka kwa mkono, taratibu, usiruke. Utapita sifuri, sifuri, sifuri, mpaka kidole kichoke. Nataka kichoke. Ya kwanza isiyo sifuri ni 14. Hakuna 3, hakuna 8, ni 0 mara 374 kisha ghafla 14, utaona mwenyewe kwamba hilo ni genge la mlima, si mteremko. Fanya hivyohivyo kwenye shinikizo la damu, utatoka 0 ukatue 24. Ukimaliza rudi hapa uniambie umeona nini kwenye sukari.

Na safuwima ya mimba usiiguse.