"Chotto..." ni jibu kamili

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza kwa nini mwenzako wa kazini huko Japani, ulipomwalika Jumamosi, alisema "Doyoobi wa chotto..." akanyamaza, nawe ukabaki ukisubiri amalizie. Alikuwa amemaliza. Kwenye kamusi "chotto" ni "kidogo", lakini sentensi ikiachwa hapo, sauti ikififia, amekwambia kwamba Jumamosi hataweza. Sababu haitaji makusudi, ili wewe usikataliwe kavukavu na yeye asilazimike kujieleza. Ukimuuliza kwa nini, unamsukuma ama atunge udhuru ama atoe mambo ya nyumbani kwake. Sema tu "A, soo desu ka. Ja, mata kondo", yaani ahaa, basi siku nyingine, kisha geuza mazungumzo.

Na siku ukialikwa wewe huna nafasi: "Ikitai n desu ga, doyoobi wa chotto...". Ningependa kuja, ila Jumamosi... Ile "ga" ndiyo "ila" yenyewe, usiimeze. Sisi tuna "tutaona" yetu, na kila mtu anaielewa. Kule kuna "kangaete okimasu" (nitalifikiria) na "muzukashii desu ne" (ni vigumu). Kwenye mambo ya kazi, hizo mbili zichukulie kuwa hapana mpaka uambiwe vingine.

Kinachowachanganya wageni zaidi ni "daijoobu desu". Ukimuuliza aliyejikwaa, "Daijoobu desu ka?", unamuuliza kama yu salama. Lakini dukani, keshia akikuuliza kama unataka mfuko (tangu Julai 2020 mifuko ya plastiki hulipiwa, ndiyo maana swali haliishi), "daijoobu desu" ni "hapana, asante". Anayedhani amesema "sawa" hutoka amekumbatia mayai na maziwa. Ukiutaka, sema "Hai, onegai shimasu", yaani ndiyo, tafadhali. "Kekkoo desu" nayo hukataa, ila ni kavu zaidi.

"Sumimasen" itumie bila woga: kumwita mhudumu, kupita katikati ya watu, kuomba radhi kwa kosa dogo, hata kumshukuru aliyekushikia mlango, kwa sababu umemsumbua. "Gomen nasai", yaani samahani, ni ya nyumbani na marafiki. Usimpe bosi wako.

"Otsukaresama desu" utaipenda, maana ina undugu na "pole na kazi" yetu. Wenzako hupeana wakikutana koridoni au kazi ikiisha. Ukitangulia kuondoka unasema "Osaki ni shitsurei shimasu", nao wanakujibu "Otsukaresama deshita". Ila usije ukamwambia mkubwa wako "gokuroosama", ambayo nayo ni pole na kazi. Hiyo hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Ukiipandisha ni kama mtoto kumwitikia mzee "marahaba" kabla hajaamkiwa.

"Anata" iache. Vitabu vinasema ni "wewe", lakini mtu huitwa kwa jina: "Tanaka-san, ashita kimasu ka?" ni kumuuliza Tanaka mwenyewe kama atakuja kesho. Na "-san", ile heshima inayofuata jina, usijiwekee mwenyewe kamwe. Ukisikia "hai, hai" wakati unaongea, usidhani umekubaliwa. Ni "ehe" ya kukuonyesha kwamba unasikilizwa.

Sasa matamshi, na hapa Kiswahili kinakubeba na kukuangusha kwa wakati mmoja. Irabu tano unazo tayari. Hata ile "n" inayosimama peke yake unayo, kwa vile unasema "n-chi". Tatizo ni kwamba sisi huvuta silabi ya pili kutoka mwisho bila kujijua, na Kijapani huhesabu urefu. "Biru" ni jengo. Ukivuta "bi" umeagiza bia, "biiru". "Yuki" ni theluji, "yuuki" ni ujasiri. "Obasan" ni shangazi au mama wa makamo. "Obaasan" ni bibi, na mama wa makamo hatafurahi kuzeeshwa. Konsonanti mbili nazo zinataka kusita: "kite" ni njoo, "kitte" ni stempu. Halafu "u" ya mwisho kwenye "desu" na "masu" karibu haisikiki. Ukiitamka yote, utasikika kama unasoma ubaoni.

Irabu ndefu nimekuandikia mara mbili humu ili uzione. Jifunze kwa makofi, kofi moja kwa kila pigo: ko-n-ni-chi-wa, matano, a-ri-ga-to-o, matano, bi-ru, mawili, bi-i-ru, matatu. Kila kofi liwe na urefu sawa na jenzake. Fanya dakika kumi kila siku, ukijirekodi kwenye simu na kujilinganisha na Mjapani anayesema maneno yaleyale. Jumapili nitumie sauti yako ya "biru" na "biiru" bila kunitajia ipi ni ipi, nami nitakujibu nilichosikia.

Mama yako