Leba inapoteza wauguzi, kliniki hawabanduki

Dada, umeuliza kwa nini hapo kwenu Tanga wakunga wa leba kila mara wanaomba kuhama, huku wa kliniki ya mama na mtoto wakitulia, na kama posho itatibu. Posho inasaidia, ila anza na hesabu ya kazi yenyewe.

Chukua patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama hadi ajifungue. Kila nusu saa mkunga anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa dakika nzima, kisha anaweka mkono tumboni dakika 10 akihesabu mikazo. Akiwa na mama wanne wenye uchungu uliokolea, mikazo peke yake inadai dakika 40 ndani ya kila dakika 30. Haiwezekani! Basi anajaza karatasi baadaye kwa kukisia, na mtoto akizaliwa amechoka, yaani hapumui vizuri, yeye ndiye anayeitwa kujieleza. Hilo linavunja moyo kuliko hata zamu za usiku. Kliniki foleni ni ndefu, lakini jioni inafungwa.

Takwimu zitenganishe kwa wodi: walioondoka mwaka mzima, gawa kwa wastani wa waliokuwepo, zidisha kwa 100. Watatu kati ya 12 ni asilimia 25. Waliohamia wodi nyingine waandike kando na walioacha kazi. Wa kwanza wamekimbia leba, wa pili pengine wamemfuata mwenzi Korogwe.

Ratiba ya zamu itoke wiki mbili kabla. Mkunga mgeni asiachwe usiku peke yake. Na tafadhali, mkunga mzoefu asipelekwe chumba cha upasuaji bila kuulizwa.