Meza ya Tanzania kwenye tamasha la chuo: pilau iache, beba kanga

Mdogo wangu uliyeuliza upeleke nini kwenye meza ya Tanzania siku ya tamasha la tamaduni hapo chuoni kwenu Marekani: miye nimesimamia meza hiyo miaka 3 mfululizo, Minnesota, kila Aprili. Wao wanaita majira ya machipuko. Mwaka mmoja tulianza kwa kufagia theluji, kwa hiyo koti usiache.

Chakula kwanza, maana najua ndicho unachokiwaza. Mwaka wa kwanza niliamka alfajiri nikapika pilau sufuria zima, nikaifunga na taulo isipoe. Kufika, msimamizi wa chakula akauliza imepikwa wapi. Nikasema nyumbani. Basi, ikaishia hapo. Kumbe cha kugawia watu kinapikwa kwenye jiko lenye kibali, na kikiwa mezani kisishuke chini ya nyuzi 57 za Selsiasi. Wana kipimajoto, wanakidunga katikati. Pilau tuliila wenyewe usiku, kimyakimya. Omba jiko la chuo mapema. Na kama uko Minnesota, sambusa usihangaike nazo. Wasomali watakuwa jirani yako, na zao, niseme kweli, zilinishinda.

Kilichonijazia watu ni kanga. Usizitandike mezani kama vitambaa. Funga kamba, zianike kama uani, jina lisomeke. Mtu hapiti bila kuuliza pameandikwa nini. Nilikuwa na moja ya "Japo sipati tamaa sikati". Kijana mmoja mcheza mpira wa kikapu, pande la mtu, nilipomfasiria akaitaka hiyohiyo. Akajifunga kiunoni akazunguka nayo uwanja mzima, pindo linaburura kwenye tope. Roho iliniuma, kanga ya shangazi ile, lakini nikamwacha.

Waandaaji watakuomba pia upige ngoma. Kama hujui, kataa. Miye nilikubali, na video bado ipo.

Halafu usigande kwenye meza yako. Kushoto kwangu walikuwa Wairani, wamepanga haft-sin, vitu 7 ambavyo kwa lugha yao vyote vinaanza na herufi sin: tufaha, thomu, siki, ngano iliyochipuzwa kwenye sahani, na vinginevyo. Ni vya mwaka mpya wao, unaoingia karibu na Machi 20. Ulikwishapita, ila waliviweka watu waone. Dada wa pale aliposema "Nowruz" nikaruka: sisi Unguja tunasema Nairuzi! Nikamweleza Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sikukuu yetu ya mwaka mpya, kila Julai, watu wanavyochapana kwa migomba na kibanda kinavyotiwa moto. Akanikazia macho. Mbona wenu uwe Julai?

Nikamwambia mwaka wa wazee wetu ni siku 365 kavu, hauna ile siku ya ziada ya kila miaka 4, kwa hiyo sikukuu inarudi nyuma kidogo kidogo. Akavuta karatasi akaanza kupiga hesabu ni miaka mingapi tangu itoke Machi, huku foleni mezani kwake inamsubiri na mwenzake anamwita.

Mwaka uliofuata tuliandika barua pamoja kwa waandaaji, wasitutenganishe meza.