Mafuvu si ya kupigia picha

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kikundi chetu cha vijana hapa Mwatate kinaandaa siku ya kusherehekea historia ya Kaunti ya Taita Taveta. Wenzangu wanataka tuanzie kilima cha Salaita, kwa sababu watalii wa Vita vya Kwanza vya Dunia hupapenda, halafu tuwapeleke wageni kwenye mapango ya mafuvu wapige picha. Wazee wamekataa katakata habari ya mapango. Tufanyeje? – Msomaji, Mwatate

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wasikilizeni wazee. Mafuvu yale ni watu. Wazee wetu walikuwa wakimzika marehemu, kisha baada ya muda wanafukua fuvu na kulipeleka ngomenyi, pale chini ya mwamba, akae na wa ukoo wake. Ukame au ugonjwa ukizidi, hapo ndipo walipokwenda kuomba. Mgeni anaweza kuelezwa haya yote akiwa amekaa kivulini Wundanyi, na akaelewa vizuri tu bila kumulika simu usoni pa babu ya mtu.

Salaita nendeni, lakini msianzie huko. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi kutoka Afrika Kusini waliushambulia mlima ule wakarudishwa nyuma na jeshi la Wajerumani, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Habari za majenerali zimeandikwa sana. Ya kwetu ndiyo hayajasimuliwa vya kutosha.

Mimi ningeanzia Maktau. Wajerumani walipoiteka Taveta Agosti 1914, Waingereza walilazimika kujenga reli kutoka Voi kupitia Mwatate ili wafikishe jeshi, na maji wakayavuta kwa mabomba kutoka milima ya Bura, maana nyika ile haina kitu cha kunywa. Pale Maktau kuna makaburi ya askari wa Kihindi, yametunzwa vizuri na yanastahili heshima. Sasa waulizeni wageni wenu: wapagazi wako wapi? Upande wa Waingereza peke yake, waliokufa ni zaidi ya 40,000 kwa hesabu ya serikali yenyewe, wengi kwa malaria na kuhara, si kwa risasi. Sanamu iliyosimamishwa Nairobi kwa ajili yao inaahidi kwamba wana wao watayakumbuka majina yao, na jina hata moja halikuchongwa pale. Babu yangu mzaa mama alibeba masanduku ya risasi kwenye njia hizi. Jina lake nalijua kwa sababu mama alinitajia, basi.

Kazi ya vijana ni hiyo hasa. Piteni nyumba kwa nyumba, Mwatate, Bura, Mbale, Sagalla, mwulize kila ukoo ni nani alichukuliwa. Andikeni daftarini, jina la baba na kijiji. Siku hiyo yasomeni kwa sauti pale Maktau, hata kama yatachukua saa nzima.

Na Kasigau msiisahau. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku watu wa mlima ule kuwa wanawasaidia Wajerumani, wakawahamisha wote hadi upande wa Malindi. Wengi waliangamia kwa maradhi ya pwani, na waliosalia hawakurudi mlimani kwao mpaka miaka ya 1930. Mtafuteni mzee wa Kasigau, mpeni kipaza sauti kabla ya mwanasiasa yeyote. Mwangeka wa Malowa naye atajwe, aliyekufa akipigana na Waingereza kabla reli ya kwanza haijafika Voi.

Chakula kiwe kimanga, tena kiliwe cha moto. Muhogo na maharagwe vipondwe palepale wageni wakiona.

Barua ya kuwaomba wazee radhi kwa lile la mapango ipelekwe kwa mkono, na mtu mzima wa kikundi, kabla hamjachapisha tangazo lolote.