Mbu ana "a-", mbuyu hana

Sema "kifaru kimekufa" mbele ya mtu aliyelelewa kwa Kiswahili, atakusahihisha papo hapo. Kifaru amekufa. Kwa umbo, neno hilo halitofautiani na kiti, kisu au kikombe, lakini sarufi inakataa kuliweka kundi moja navyo. Kipepeo anaruka, vyura wanalia. Hata mbu, ambaye sijaona anayempenda, ameniuma. Hatuulizwi kama mnyama ana jina, kama amefugwa, kama ni dume au jike. Yu hai na anajongea, imetosha: kitenzi chake kinaanza na kiambishi "a-" ("wa-" wakiwa wengi), sawa na cha mtu.

Si kila lugha iko hivyo. Kwa Kiingereza, mnyama asiye na jina na asiyejulikana jinsia yake aghalabu hutajwa kwa kiwakilishi kilekile cha meza na mlango, mpaka apewe jina ndipo apandishwe daraja. Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, alikufa Machi 2018 katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, akawaacha binti yake Najin na mjukuu wake Fatu. Ulimwengu ulimlilia kwa jina. Kwa Kiswahili angestahili "alikufa" hata kama asingejulikana na mtu yeyote, na jambo hili nalipenda kwa dhati.

Lakini nimehariri maandishi ya mazingira kwa muda mrefu, na huko nimeona jinsi "a-" hii inavyoponyoka mikononi mwetu. Tazama sentensi ya aina hii, ambayo hunijia mezani kila mara: "Rasilimali za wanyamapori zimepungua kutokana na uvunaji usio endelevu." Sarufi haina kasoro. Ila tafuta humo aliyekufa, humpati. Tafuta aliyeua, naye hayumo. Mara neno "rasilimali" linapokaa mwanzoni, vitenzi vyote vinavyofuata vinalitii lenyewe: zimepungua, zinasimamiwa, zitavunwa. Tembo wamo ndani ya sentensi na hawaonekani. Maneno "idadi", "spishi" na "mifugo" nayo yana nguvu hiyohiyo: idadi imeshuka, spishi imetoweka. Sisemi tuyaache, maana mtaalamu anayahitaji kweli. Ninachosema ni kwamba aya nzima isiishi juu yake.

Ushauri wangu kwa anayeandika ni huu. Ukimaliza aya, chukua kalamu upigie mstari viambishi vya mwanzo vya vitenzi vyako. Ukikuta i-, zi-, u-, i-, zi- tangu juu hadi chini, na mada yako ni wanyama, rudi nyuma. Mtaje mnyama kwa jina lake hasa pale anapotendwa jambo. "Majangili wamewaua tembo" ni sentensi fupi kuliko ile ya uvunaji, na ndani yake kila mtu yupo mahali pake.

Kiambishi cha mtendwa nacho kina uzito. Kwa binadamu hatuna hiari: "nimemwona Asha", na ukisema "nimeona Asha" sikio linakwaruzika. Kwa mti, "nimeona mti" inatosha. Mnyama yuko katikati, yaani "nimeona twiga" na "nimemwona twiga" zote zinapita. Nimezoea kuchagua ya pili ninapoeleza tukio lenyewe, kwa sababu ile "-mw-" inanilazimisha kumfikiria twiga mmoja aliyesimama pale.

Neno "viumbe" lenyewe linayumba. Wengine huandika "viumbe hivi", wengine "viumbe hawa". Mimi huandika "hawa" ninapozungumzia wanyama, na "hivi" ninapochanganya na mimea. Kwa hakika hapo ndipo penye ugumu wote, kwa sababu mlango wa "a-" umefungwa mbele ya mimea. Mbu kapita, mbuyu umebaki nje pamoja na mkate, mkeka na mlango.

Lugha nyingine zimeweka mpaka huo kwingine. Kiojibwe, lugha ya wenyeji wa asili wa Kanada na Marekani, hugawa nomino katika mafungu mawili, ya wenye uhai na ya wasio nao. Neno mitig likiwa upande wa uhai ni mti, na wingi wake ni mitigoog. Likihamia upande wa pili ni kijiti au kipande cha mti, na wingi ni mitigoon. Jiwe, asin, limo kundi la uhai. Kabla hatujaanza kuona wivu, tujue pia kwamba katika Kiojibwe rasiberi ina uhai na stroberi haina. Sarufi ni urithi wenye mabaka, haiwezi kusomwa kama katiba ya imani za watu. Nasi tunaosema "ameniuma" humponda mbu huyohuyo bila kuwaza, na "a-" haikuwazuia majangili wasiwaue vifaru. Inachofanya kiambishi ni kutudai tumtazame aliye hai kila tunapofungua kinywa. Kutazama huko tunaweza kukupuuza.

Basi tuseme "mbuyu anakua"? Nimewaona waandishi wakijaribu, na sikubaliani nao nje ya hadithi. Msomaji anakwama kwenye kosa, mti anausahau. Isitoshe, heshima haihitaji kuvunja ngeli. Mwaka 2017 Bunge la New Zealand lilipitisha sheria inayoutambua mto Whanganui kuwa mtu mbele ya sheria. Ukisimulia habari hiyo kwa Kiswahili, mto una haki zake, na "una" inazibeba vizuri tu.

Tena tunasahau kwamba mimea tuliinyima kiambishi tukaipa vitenzi. Mwembe umezaa, kwa kitenzi kilekile cha mama. Mche umeshika. Mahindi yameugua, mgomba umekufa. Mbuyu hupukutisha majani kiangazi na kuhifadhi maji shinani. Kunde huwapa bakteria makao katika vinundu vya mizizi yake, nao huzipatia naitrojeni. Ukiandika hivi, mmea unatenda. Ukiandika "uzalishaji umeongezeka" au "upotevu wa uoto umeshuhudiwa", umeunyang'anya na kitenzi kilichobaki. Ninapohariri, nomino hizi za u- ndizo ninazozifukuza kwanza, kisha ninauliza: ni mmea gani, na umefanya nini?

Kuna matumizi mengine ambayo namwomba kila mtu ayasikilize kwa makini, si kwa sababu ya wanyama. Ki- na li- zinaweza pia kumvua binadamu "a-" yake: "kile kijitu kinajidai", "limekuja tena lile". Mzungumzaji anajua vizuri anachofanya. Ukisikia watu wakitajwa hivyo mara kwa mara, nyumbani au kazini, usichukulie kuwa ni mzaha wa maneno tu. Mjibu anayesema kwa kumtaja mhusika kwa "a-" yake kamili.

Na kwa walio na watoto wadogo: mtoto akiuona mti ulioanguka akauliza, "Kwa nini amelala?", usianze na upatanisho wa kisarufi. Mjibu swali lake. Mwonyeshe mizizi iliyong'oka, mweleze upepo ulivyousukuma, mtafute pamoja kama kuna chipukizi. Katika kumjibu, wewe mwenyewe sema "umelala". Atalisikia.