Kipato cha giza, matumizi ya kila siku: mchuuzi wa dagaa na uhuru wa fedha

SWALI: Ndugu mhasibu, nina umri wa miaka 38 na ninafanya biashara ya dagaa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Mtaji wangu ni shilingi 2,000,000. Kila giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi ambapo dagaa huvuliwa, napata faida ya kama 600,000. Nyumbani tunatumia kama 13,000 kwa siku ukijumlisha kila kitu, yaani chakula, ada za watoto watatu na kodi ya nyumba ya 60,000 kwa mwezi. Lakini mbalamwezi ikifika huwa sina kitu, ninakopa 300,000 za kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ili tule na nirudishe mtaji uliopungua, kisha ninarejesha 13,000 kila siku kwa siku 30. Ninataka baada ya miaka 10 niwe na fedha za kunilisha bila kutegemea ziwa. Ninahitaji kiasi gani, na nianzie wapi? Ninunue kwanza kiwanja Buswelu?

JIBU: Dada yangu wa Kirumba, umeandika namba, na kwa namba hizo ninaweza kukujibu kwa hesabu badala ya mawaidha. Nitaanza na mkopo, kwa sababu ndio unaoamua kama hayo mengine yatawezekana.

Marejesho ya 13,000 kwa siku 30 ni 390,000, kwa hiyo unalipa 90,000 juu ya 300,000 ulizochukua. Mkopeshaji atakuambia hiyo ni riba ya asilimia 30. Sivyo, kwa kuwa unaanza kurejesha kesho yake, na kila siku fedha yake iliyobaki mkononi mwako inapungua. Kwa wastani wa mwezi mzima unakuwa umeshika kama 155,000 tu za kwake, na kwa hizo ndizo unazolipia 90,000. Riba ya kweli inazidi asilimia 50 kwa mwezi. Wakopeshaji wasiopokea amana, ambao Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawaweka katika daraja la pili, wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na Benki Kuu iliwawekea ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 hiyo ni shilingi 10,500. Ukikopa kila mbalamwezi kwa mwaka mzima, unatoa 1,080,000, ambayo ni zaidi ya nusu ya mtaji wako. Tazama pia kwamba unachompelekea kwa siku ni sawasawa na kile kinacholisha nyumba yako. Umekuwa ukilisha kaya mbili.

Kwa nini basi mtu mwenye faida ya laki kadhaa kila giza aishiwe kila mbalamwezi? Katika miaka ambayo nimekaa na daftari za wachuuzi wa mwaloni, jibu nililolikuta mara nyingi si uvivu wala anasa. Ni kwamba fedha inaingia kwa kalenda moja na kutoka kwa kalenda nyingine. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapong'aa taa hazivuti, hivyo mitumbwi hukaa nchi kavu kwa siku kama 10 katika kila mzunguko wa mwezi, ambao una siku 29 na nusu. Watoto wanakula kila siku. Mwenye nyumba anahesabu kwa tarehe, na shule inadai Januari na Julai. Mizunguko 12 ya mwezi ina siku 354, pungufu ya mwaka wa kawaida kwa siku 11, na ndiyo sababu Ramadhani husogea nyuma kila mwaka. Kwa hesabu hiyo hiyo mbalamwezi nayo inasogea, kiasi kwamba mwaka mmoja shule zinafunguliwa giza likiwa limekolea na mwaka mwingine zinafunguliwa mitumbwi ikiwa imelala. Anayepanga matumizi kwa mwezi wa tarehe, kama anavyofanya mwalimu au karani mwenye mshahara, lazima atashikwa katikati. Kwa hiyo chukua kalenda ya mwaka mzima, uweke alama kwenye kila mbalamwezi, kisha uandike juu yake ada na kodi zinapoangukia. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na itakuonyesha mapema mizunguko miwili au mitatu iliyo migumu zaidi.

Jambo la pili ni ile faida ya 600,000, ambayo kwa heshima zote sijaiamini bado. Wachuuzi wengi huita faida kile kilichobaki mkononi siku ya kuuza. Giza hufungwa hivi: hesabu fedha taslimu, ongeza thamani ya mzigo uliobaki kwa bei uliyonunulia, ongeza mali kauli, yaani mzigo uliotoa kwa mkopo, ambayo una hakika italipwa, kisha toa mtaji uliofungulia giza hilo na madeni yako. Kinachozidi, baada ya kuwa umekwisha kulipa magunia, vibarua, ushuru na usafiri, ndicho faida. Mali kauli iliyochukuliwa na mteja wa mbali asiyepokea simu usiiweke. Dagaa walionyeshewa na mvua ya masika wakaishia kuuzwa kwa ajili ya chakula cha kuku waandikwe kwa bei ya chakula cha kuku. Kwa tahadhari nitatumia faida ya 500,000, yaani asilimia 25 ya mtaji kwa kila giza. Ukitoa 390,000 za nyumbani kwa siku 30 zinabaki 110,000, na ukitoa 90,000 za mkopeshaji zinabaki 20,000. Gunia moja likiharibika au mtoto akilazwa, 20,000 hizo hazitoshi, na hapo nyumba inaanza kula mtaji.

Sasa njia ya kutoka. Maliza marejesho ya mkopo ulio nao, usichukue mwingine, na ukubali kufungua giza linalofuata kwa mtaji wa 1,700,000. Najua inauma kupunguza mzigo mbele ya wenzako, na ndiyo sababu wengi hukopa tena. Lakini fuatana nami katika hesabu. Mtaji wa 1,700,000 kwa asilimia 25 unaleta 425,000. Ukitoa 390,000 za nyumbani zinabaki 35,000. Kwa mtaji mkubwa wenye mkopo ndani yake ulikuwa unabakiza 20,000. Mzigo mdogo usio na deni unakuachia zaidi. Ukirudisha ziada yote kwenye biashara, na asilimia hiyo ikidumu, mtaji wako utakuwa umerudi na kupita 2,000,000 mwishoni mwa giza la sita.

Hilo litawezekana tu ikiwa mtaji na nyumba vitaacha kuchota kwenye mfuko mmoja. Jilipe mshahara. Katika siku 20 za uvuvi toa kwenye biashara 19,500 kila siku, wala usizidishe: 13,000 ziende nyumbani, na 6,500 ziwekwe kando kwenye laini nyingine ya simu au akaunti ambayo hulipii wala hupokelei fedha za dagaa. Baada ya siku 20 kutakuwa na 130,000, nazo ni chakula na kodi ya siku 10 za mbalamwezi. Ningependa ujipime kwa kipimo hiki kabla ya kingine chochote, yaani mbalamwezi ngapi unaweza kuzivuka bila kukopa. Leo ni sifuri. Ukivuka moja, umekwisha kuanza safari unayoiulizia.

Mtaji ukisharudi, jenga akiba ya dharura ya 390,000, inayotosha mzunguko mzima. Kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA kinafaa kwa nidhamu, lakini hakikisha kimesajiliwa, na ujue kwamba fedha iliyokopeshwa kwa wanachama haipatikani usiku unapoihitaji hospitalini. Benki iko karibu zaidi na dharura, na amana zake zinalindwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi 7,500,000 kwa mwenye amana katika kila benki. Kinga hiyo haihusu SACCOS wala vikundi. Kwa sehemu isiyohitajika leo au kesho, Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ni mahali pazuri: unanunua vipande, yaani sehemu zako za mfuko, kwa simu, na ukiviuza fedha hufika baada ya siku chache za kazi. Bei ya kipande haina dhamana, lakini kwa mchuuzi ambaye fedha iliyo karibu humtoroka, siku hizo chache ni faida. Huku kwetu Usukumani wazee waliweka akiba katika ng'ombe, na sitawakosoa, kwa kuwa ng'ombe huzaa. Tatizo lake ni kwamba huwezi kuuza mguu mmoja ukalipa ada, na ugonjwa ukiingia zizini akiba yote inaumwa pamoja.

Nije kwenye kiasi ulichokiuliza. Kwa 13,000 kwa siku, nyumba yako inahitaji 4,745,000 kwa mwaka. Huenda umesikia kanuni ya kuzidisha matumizi ya mwaka mara 25. Ilitokana na hesabu za mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, ambaye mwaka 1994 alikadiria kwamba mstaafu anayetoa asilimia 4 ya fedha zake mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kiasi hicho kulingana na kupanda kwa bei, angeweza kuishi nazo miaka 30. Kwako hiyo ingekuwa karibu 119,000,000. Lakini Bengen alitumia hisa na hatifungani (mikopo ambayo watu huipa serikali kwa riba) za Marekani, nasi tuna viwango vyetu. Tuchukue, kwa mfano tu, hatifungani ya serikali inayolipa asilimia 12 kwa mwaka wakati bei za vitu zinapanda kwa asilimia 4. Asilimia 4 lazima uirudishe ili fedha isipungue nguvu, na 8 ndiyo unayoweza kula. Gawanya 4,745,000 kwa asilimia 8 upate takriban 59,000,000 kwa thamani ya fedha ya leo. Hatifungani hizo huuzwa kwa mnada na Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Mwanza, nawe unashiriki kupitia benki au wakala wa soko la hisa. Kiwango cha chini ni 1,000,000, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Viwango hubadilika kati ya mnada na mnada, kwa hiyo soma tangazo la mnada husika, usitumie mfano wangu.

Kwa ziada ya 110,000 kwa giza, sawa na 1,320,000 kwa mwaka, ikiwekezwa na kukua kwa ile asilimia 8, safari hiyo itachukua miaka 20. Kufika kwa miaka 10 kunahitaji zaidi ya 4,000,000 kwa mwaka, na nyumba inayotumia 13,000 kwa siku haina mahali pa kukata kiasi hicho. Sikushauri upunguze unga na mafuta ya watoto. Kuza biashara kwanza. Asilimia 25 kwa giza haina mfano katika hatifungani yoyote, hivyo kila shilingi ya ziada ikae kwenye dagaa hadi mtaji ufike 3,000,000, jambo ambalo katika mizunguko mizuri huchukua chini ya mwaka mmoja baada ya kutoka kwenye deni, na katika mizunguko ya kawaida pengine miwili. Sitakuahidi kwamba asilimia itabaki ile ile. Mzigo ukikua utalipa vibarua zaidi na utagombea mahali pa kuanikia. Ndiyo maana ningetumia fedha za kwanza kujenga vichanja badala ya kuongeza ndoo za dagaa wa kuanika mchangani, kwa kuwa dagaa wasio na mchanga hupata bei nzuri zaidi na hukauka upesi mvua inapotishia. Kwa asilimia 20, mtaji wa 3,000,000 unaleta 600,000, ziada inakuwa 210,000, na 59,000,000 zinafikiwa kwa miaka 14 hivi. Kwa asilimia 25 ingekuwa karibu miaka 10. Kati ya hizo mbili mimi ningepanga maisha kwa ile ya 14. Na ukishafika 3,000,000, simama: ziada itoke mwaloni iende kwenye hatifungani na vipande, kwa maana kila kilichobaki Kirumba kinategemea ziwa lile lile, mvua ile ile na wateja wale wale.

Kiwanja cha Buswelu kisiwe cha kwanza. Kiwanja kitupu hakilipi ada. Hata hivyo nyumba ya kuishi ina nafasi katika hesabu hii: kodi ya 60,000 ni 720,000 kwa mwaka, na bila kodi hiyo kiasi unachohitaji kinapungua kwa 9,000,000. Likishafika wakati wake, uhakiki umiliki katika ofisi ya ardhi ya Manispaa ya Ilemela kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Kitu ambacho kisingoje sana ni kujiandikisha NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, kama mwanachama aliyejiajiri. Pensheni inadai michango ya miezi 180, na ukianza mwaka huu unaitimiza ukiwa na miaka 53.

Kwa mkopeshaji, kila rejesho lililobaki lidai stakabadhi au lipite kwenye simu ili ujumbe ubaki, na siku ya mwisho chukua maandishi ya kufunga deni pamoja na kitu chochote ulichoweka rehani. Kisha funga magiza matatu kwa utaratibu niliouandika hapo juu na uniandikie tena, safari hiyo ukiwa na mtaji wa kufungulia, mzigo uliobaki, mali kauli na mshahara uliojilipa katika kila giza. Nikizipata namba hizo nitaweza kukuambia kama asilimia 25 ni ya kweli, na kama miaka 14 ipungue au iongezwe.